Mume wa Pasi ya Matembezi

Siku Chiku binti Muhidini alipotuambia kwamba anaolewa na Awadhi, yule Mshihiri aliyekuja kumtembelea mjomba wake, mimi ndiye niliyemkataza wa kwanza, tena sikumkataza kwa upole. "Mwenzangu," nilimwambia mbele ya mama yake, "umekaa mjane miaka minne, wanaume wa nchi hii umewakataa wote, leo unamkubali mtu mwenye ruhusa ya miezi sita? Akiondoka utabaki na nini?"

Alikuwa anakanda unga wa chapati. Hakunijibu mpaka alipomaliza, akaufunika kwa kitambaa, akanawa mikono. Ndipo akasema, "Sudi hakuwa na pasi, Mama Limi, na aliondoka vilevile." Sudi alikuwa mume wake wa kwanza, marehemu. Mimi sikuridhika.

Nimeanzia hapo kwa sababu watu wanaosimulia habari za Chiku humfanya kama mwanamke aliyepumbazwa na Mwarabu. Hakupumbazwa na mtu. Nilikuwa jirani yake pale Ngokolo, ua wake na wangu ulitenganishwa na mstari wa minyaa, na mimi nasema sikuwahi kuona mwanamke mwenye akili yake kichwani kama yule.

Alizaliwa upande wa Ushetu. Baba yake alikuwa Msumbwa aliyesilimu Tabora, mama yake Msukuma, jina lake Mbuke. Sudi, Mmanyema wa Ujiji, alimwoa akiwa binti, wakaenda Geita miaka ya vita, kwenye mgodi wa dhahabu. Sudi alishuka chini ya ardhi kwa zamu, na Chiku alikaanga chapati na kupika chai kwa wanaume waliotoka zamu. Walitoka wamefanana rangi kwa vumbi la mawe, Mhaya na Mngoni huwezi kuwatofautisha, naye hakumpa mtu chakula mpaka anawe mikono, awe kibarua, awe nyapara. Huko Geita alizaa watoto wawili, wote wakafa kabla ya kutambaa. Mwaka 1947 Sudi akafa kwa homa ya mapafu. Chiku akarudi Shinyanga na mkeka, sufuria mbili na chuma chake cha chapati, akamchukua mama yake ambaye tayari alikuwa amepofuka, akaanza kuuza chai karibu na stesheni ya treni. Mume wangu Gregory alikuwa karani hapo stesheni, na chai ya asubuhi aliinywa kwake. Sisi Wakatoliki, yeye Mwislamu. Dini haikututia neno hata siku moja. Tuligombana kwa ajili ya kuku wangu tu, waliokuwa wanaparua ua wake.

Awadhi alifika Oktoba 1951. Alitoka Mukalla, Uarabuni, kuja kumwona Mzee Mbarak, mjomba wake mwenye duka la kahawa na tende mjini. Bandarini Dar es Salaam walimpa pasi ya matembezi: miezi sita, haruhusiwi kufanya kazi, haruhusiwi kuhamia. Kiswahili alikijua kwa baba yake aliyeishi Mombasa zamani, ila alikitolea kooni. Alikuwa mwanaume mwembamba wa miaka arobaini hivi. Mkewe na mtoto wake walikufa kwao katika ile njaa ya wakati wa vita, na hilo alilisema mara moja tu, hakulirudia.

Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa bure. Alikaa dukani kwa mjomba wiki mbili akihesabu nzi, kisha akaanza kuja stesheni kunywa chai, na alipomaliza chai akatengeneza mguu wa meza ya Chiku uliokuwa unayumba. Kesho yake akaziba paa la banda lake la chai. Hakulipwa chochote, kwa hiyo hakuvunja sharti la pasi yake. Desemba baba mdogo wa Chiku, Mzee Salehe, akawaozesha msikitini. Watani wa Ngokolo wakampa Awadhi jina la "mume wa pasi", naye akalipokea. Asubuhi alipita akisalimia "Mwangaluka!" kwa koo lake lile la Kiarabu, na watoto wakaangua kicheko.

Mimi nilimnunia mpaka Januari. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, korongo lililo kati yetu na hospitali limejaa, na Mama Mbuke amewaka homa, hapumui vizuri. Mkokoteni haukuweza kupita. Awadhi akavua kanzu, akainama, akamwambia mkewe, "Mpandishe mgongoni."

Tulishtuka. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huchepuka majanini. Hapa mkwe anataka kumbeba mama mkwe mgongoni mbele za watu! Jirani yetu Paskalia akajifunika uso kwa khanga. Mama Mbuke, na homa yake ile, akasema, "Nipandisheni. Aibu ni ya macho, na mimi macho sina." Akabebwa hivyo, maji yakimfika Awadhi kifuani, mpaka ng'ambo, mpaka hospitali. Alilazwa siku tisa akapona.

Tangu siku ile moyo wangu uligeuka. Na si wangu peke yangu. Mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, mzee Maduhu, aliyekuwa mtu mkavu asiyesifu mtu, aliposikia habari ile alikuja nyumbani kwa Chiku mwenyewe. Alisema mwanaume wa namna ile hawezi kuitwa mgeni katika eneo lake. Akawaita watu, akamsimamisha Awadhi mbele yao, akamtaja jina, akamwonyesha shamba la kulima na mahali pa kujenga. Ndiyo desturi. Mgeni akishatajwa na mwanangwa na kupewa ardhi, basi amekuwa mtu wa hapo. Akiuguliwa mtakwenda, akifiwa mtakwenda, na ninyi mkifiwa atakuja. Siku ya kulima walitoka watu na majembe yao, ngoma mbele, wakamaliza kwa siku moja. Mimi nilipanda pamba nao. Yalikuwa matuta arobaini na moja. Najua kwa sababu lile la mwisho nililipanda mwenyewe mgongo ukiniuma.

Aprili ikakaribia, na pasi ilikuwa inakwisha. Chiku alikuja kwetu jioni na mumewe, wakakaa barazani. Kwa mara ya kwanza nilimwona Chiku hana la kufanya na mikono yake.

"Baba Limi," akamwambia mume wangu, "wewe unazijua ofisi. Tuandikie barua kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani. Nataka mume wangu abaki. Sina jingine ninalolitaka duniani."

Gregory alifikiri, akaandika barua fupi sana kwa Kiingereza, akatusomea maana yake kwa Kiswahili: kwamba Awadhi bin Faraj anaomba aongezewe miezi mitatu ya matembezi kwa sababu ya ugonjwa katika familia ya mkewe. Basi.

Walipoondoka nikamgeukia. "Hiyo ndiyo barua? Mtu amembeba mama mkwe katika mafuriko, amepewa shamba na mwanangwa, na wewe unaandika miezi mitatu ya matembezi? Mzungu atamjuaje kwamba ni mtu wa maana?"

"Barua ya serikali haitaki maneno mengi, Bernadina."

"Woga wako huo! Mzungu akiona mtu hana shamba, hana nyumba, atasema ni mzururaji, amfukuze. Andika kwamba mwanangwa amempokea. Andika kwamba ameshapanda pamba matuta arobaini na moja. Andika kwamba anajenga."

Alikataa. Nikamsema mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mume, kwamba ukarani umemfanya aogope hata karatasi. Mwishowe akachukua ile barua, akakaa chini, akaandika nyingine ndefu, na kesho yake akaipiga chapa ofisini. Chiku na Awadhi hawakujua kwamba imebadilishwa. Walipewa bahasha imefungwa, wakashukuru. Na mimi nilijiona nimewafanyia jambo kubwa.

Tulikwenda bomani wanne: wao wawili, Mzee Salehe, na mimi. Bwana Shauri alikuwa kijana, uso mwekundu kwa jua, wala hakuwa mkali. Akafungua barua, akasoma, akasita, akarudia tangu mwanzo. Kisha akampa mkalimani amsomee Awadhi kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili athibitishe kama ni kweli. Mkalimani akasoma: amepokelewa na mwanangwa, amepewa ardhi, amelima, amepanda matuta arobaini na moja ya pamba, anajenga nyumba ya kudumu.

"Ni kweli?" Bwana Shauri akauliza.

"Kweli kabisa," akasema Mzee Salehe kwa fahari kabla Awadhi hajafungua mdomo.

Yule Mzungu akaweka kalamu chini. Mkalimani akatueleza. Pasi ya matembezi ni ya mtu ambaye atarudi kwao. Mtu huyu amehamia bila kibali cha kuhamia, na amelima bila kibali cha kufanya kazi, na ushahidi wote ameuleta mwenyewe kwa mkono wake. Angeomba miezi mitatu ya kutembea angepewa, maana wengi hupewa. Sasa haiwezekani. Ana siku kumi na nne.

Nilitazama sakafu.

Chiku akauliza, "Na ndoa yetu? Cheti hiki hapa cha mwalimu wa msikitini."

Bwana Shauri alikitazama cheti kwa heshima, hilo nisimnyime. Akasema, na mkalimani akafasiri: "Kama wewe ndiye ungekuwa mgeni na yeye mwenyeji, ningekupa kibali leo hii. Sheria inajua kwamba mke humfuata mume. Haijui mume kumfuata mke. Mfuate kwao, hakuna atakayekuzuia."

"Mke humfuata mume," Chiku akasema. "Na mama kipofu, yeye humfuata nani?"

Mkalimani hakulifasiri hilo. Tukatoka.

Siku zile kumi na nne Awadhi alizitumia kuezeka. Nyumba ilikuwa imesimama kuta tu, naye akaapa kwamba hatamwacha mkewe chini ya paa la kupanga. Mama Mbuke alimwita binti yake kitandani akamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, nenda na mumeo. Mimi nimeshaishi. Niache kwa majirani." Chiku akamjibu kwamba majirani ni wa kuazima chumvi, si wa kuachiwa mama, na akatoka nje kwenda kulia nyuma ya nyumba, ambako mimi nilimsikia kupitia minyaa na sikuthubutu kumfuata.

Stesheni, siku ya kuondoka, Awadhi alituaga mmoja mmoja. Aliponifikia mimi akaweka mkono kifuani. "Shemeji," akasema, "wewe na Baba Limi mlihangaika kwa ajili yetu kuliko ndugu. Mungu awalipe." Ningeweza kusema pale. Treni ilisimama dakika ishirini nzima. Sikusema.

Barua zake zilikuja dukani kwa Mzee Mbarak, kwa herufi za Kiarabu, na Mzee Mbarak alimsomea Chiku. Aliomba kibali cha kuhamia, akakataliwa. Akaomba tena, akataja mke, akajibiwa kwamba mke si sababu. Akaomba pasi ya matembezi, wakatazama vitabu vyao wakakuta kwamba alishavunja masharti ya ile ya kwanza. Kila barua ilimalizikia kumtaka Chiku amfuate, na kila mara Chiku alimwambia Mzee Mbarak aandike jibu moja: mama bado yu hai, alhamdulillahi.

Fikiria mwenyewe maana ya jibu lile. Kila alichokuwa anakitamani kilikuwa upande wa pili wa kifo cha mama yake, na kila asubuhi aliamka akampikia uji huyo mama, akamwogesha, akamkanda miguu, akamwombea umri mrefu, na dua yake ilikuwa ya kweli. Wanaume walikuja kuposa tena, wakamwambia hajaachwa wala hajaolewa. Aliwaambia wakanawe mikono, wanywe chai, waende.

Mimi nilikuwa nakwenda kukaa na Mama Mbuke kila siku Chiku alipokuwa stesheni au shambani. Miaka mitatu na zaidi. Nilimlisha, nikamtoa juani, nikamsikiliza akisimulia mambo yale yale. Watu wa parokia walinisifu, wakasema Mama Limi ana moyo. Gregory alikuwa akisikia sifa hizo anainuka anakwenda zake. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile hata chumbani. Kuungama niliungama, padre akaniambia niseme ukweli kwa niliyemkosea, nikaahidi, na nikaendelea kutosema. Nilijidanganya kwamba kumtunza mama yake ndiyo malipo.

Mama Mbuke alifariki Agosti 1955, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Baada ya arobaini Chiku alikwenda kwa mzee Maduhu akamrudishia shamba. Mzee hakutaka kulipokea. Alisema mwenye shamba yuko safarini. Chiku akamwambia mwenye shamba harudi, mpe mwenye njaa. Kisha akaenda bomani kuomba hati ya kusafiria. Ilichukua miezi mitano, lakini haikuwa na maswali mengi. Kuondoka hakukuwahi kuwa shida.

Februari 1956 nilimsindikiza stesheni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na zaidi, nywele za mbele zimeanza mvi, na hakuwahi kuona bahari. Alibeba chuma chake cha chapati kimefungwa kwa khanga kuukuu. Watu wengine waliaga wakarudi nyuma, tukabaki wawili kwenye benchi, na mimi nikaona kwamba nisiposema sasa nitakufa nalo.

"Chiku," nikaanza, "ile barua ya bomani. Baba Limi aliandika nyingine, fupi. Mimi ndiye—"

"Najua," akasema.

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama reli.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mkalimani alipoisoma. Baba Limi hajakanyaga lile shamba hata siku moja, Mama Limi. Matuta angeyahesabu wapi?"

Machozi yakanitoka. "Mbona hukuniambia? Miaka yote hii, mbona hukunitukana hata siku moja?"

Alikaza fundo la khanga iliyofunga chuma chake, kama kawaida yake ya kumaliza kazi ya mikono kwanza. "Ningekwambia, ungeona haya, usingekuja tena nyumbani," akasema. "Nami nani angekaa na mama nikienda kuuza chai? Nilihitaji mtu, na wewe ulikuwa na deni moyoni. Mtu mwenye deni la namna hiyo hakosi siku."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Treni ikaingia, akasimama, akanishika mkono kama anavyoshikwa mwenzio wa safari mnapoachana njia panda, akapanda. Nilimpa kikapu cha njiani, akakipokea, akasema asante.

Barua ilifika Septemba. Mzee Mbarak aliileta mwenyewe mpaka barazani kwetu kwa sababu ilikuwa ya wote, na majirani wakaja kusikiliza. Chiku alisema amefika salama. Alisema meli ilimtapisha siku nne. Awadhi amekuwa mzee, amepungua meno, alimpokea bandarini, akambebea kile chuma cha chapati mpaka nyumbani. Sasa wanakaa chumba kimoja juu ya duka la kamba, na mume anakula chapati zake kila siku kama mtu anayelipiza. Watu walicheka kwa furaha, na mimi nilicheka pamoja nao, nikalia.

Kisha zikaja salamu, kama zinavyokuja katika barua zetu, kila mtu kwa jina lake. Mzee Salehe, salamu sana. Mwanangwa Maduhu na nyumba yake. Paskalia wa bombani. Baba Limi, salamu na shukrani kwa uandishi wake. Limi, asome kwa bidii. Mafundi wa stesheni, wote. Hata kuku wa jirani, alisema, waambieni ua sasa ni wao.

Mzee Mbarak akaishusha karatasi.

"Ndiyo mwisho?" nikamuuliza.

Aliigeuza ile karatasi akatazama nyuma yake, taratibu, kwa huruma, ijapokuwa wote tuliokaa pale tuliona tangu mwanzo kwamba nyuma hapakuandikwa kitu.